Kompyuta ya Kiganjani na Linux ya Mezani: Njia, Itifaki na Mapatano

Kuunganisha kompyuta ya kiganjani na kompyuta ya mezani inayoendeshwa na Linux ni kazi tatu ndani ya moja. Ya kwanza ni kupata njia ya kupitisha data, iwe waya, mwanga au mawimbi ya redio. Ya pili ni kuwa na itifaki inayoeleweka na pande zote mbili. Ya tatu, ambayo ndiyo ngumu zaidi, ni kuamua nakala ipi ya taarifa ifuatwe pale ambapo kila upande umebadilisha kitu kwa wakati wake. Tangu katikati ya miaka ya 1990 vifaa vimebadilika, kutoka Palm yenye kumbukumbu ya kilobaiti 128 hadi simu janja yenye mamia ya gigabaiti, lakini kazi hizo tatu ni zilezile. Kilichohama ni ugumu wenyewe: ulianzia kwenye waya, ukapanda kwenye itifaki, na leo umetua zaidi kwenye swali la nani ana mamlaka juu ya data.

Kwa upande wa Linux kuna jambo linalozigusa kazi zote tatu. Watengenezaji wengi wa vifaa vya kiganjani waliandika programu za kuunganishia kwa ajili ya Windows na Macintosh peke yake, na wengine hawakuchapisha maelezo ya itifaki zao. Kwa hiyo mafanikio ya muunganisho yametegemea kama kifaa kinatumia itifaki iliyo wazi, au itifaki ambayo wajitoleaji walilazimika kuichunguza pakiti kwa pakiti hadi wakaielewa.

Enzi ya Palm

Mwezi Machi 1996 kampuni ya U.S. Robotics ilitoa Pilot 1000 na Pilot 5000. Vilikuwa vifaa vyenye skrini ya nukta 160 kwa 160, vikitumia betri mbili ndogo za AAA, na kila kimoja kikiwa na kitako chenye kitufe kimoja. Mtumiaji aliweka kifaa kwenye kitako, akabonyeza, na kalenda, anwani, maandishi mafupi na orodha ya kazi zikalinganishwa na zile za kompyuta. Huduma hiyo iliitwa HotSync. Haikuwa anasa: data yote ilikaa kwenye kumbukumbu inayotegemea umeme, na betri zikiisha kabisa kila kitu kilifutika. Nakala iliyokuwa kwenye kompyuta ya mezani ndiyo iliyokuwa akiba.

Kitako kiliunganishwa na poti ya siriali, ambayo Linux huiita /dev/ttyS0 au /dev/ttyS1. Watumiaji wa Linux walijitengenezea pilot-link, mkusanyo wa programu ndogo ulioanza mwaka huohuo wa 1996. Programu yake iliyotumika zaidi, pilot-xfer, iliweza kunakili kifaa kizima kwenye folda, kukirejesha kilivyokuwa, au kusakinisha programu mpya kwa amri moja. Juu ya msingi huo zilijengwa programu zenye madirisha: J-Pilot, iliyoiga kwa karibu mpangilio wa Palm Desktop, KPilot kwa watumiaji wa mazingira ya mezani ya KDE, na gnome-pilot kwa watumiaji wa yale ya GNOME.

Itifaki ya Palm ilikuwa ya matabaka. Tabaka la chini lilipanga baiti kuwa pakiti na kuthibitisha kwamba zimefika. Jingine liliwezesha pande mbili kuanza kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde kisha kukubaliana kupanda. La juu kabisa, DLP, lilibeba maombi yenyewe, kama kufungua hifadhidata, kusoma rekodi au kuandika rekodi. Mpangilio huo ulikuja kuwa na faida USB ilipochukua nafasi ya siriali, kwani tabaka la juu halikuhitaji kuandikwa upya.

USB na suala la ruhusa

Handspring, kampuni iliyoanzishwa 1998 na waasisi wa Palm, ilitoa Visor mwaka 1999 ikiwa na kitako cha USB. Kerneli ya Linux ikapata moduli iitwayo visor, iliyoandikwa na Greg Kroah-Hartman, ambayo hufanya kifaa kionekane kama poti ya siriali yenye jina la /dev/ttyUSB0 au /dev/ttyUSB1. Baadaye moduli hiyo ilihudumia pia vifaa vya Palm na vya Sony Clié.

Hapo lilizuka tatizo ambalo poti ya siriali haikuwa nalo. Poti ya siriali ipo muda wote, kifaa kiwepo kisiwepo. Kwenye USB, Palm haikuonekana kabisa na kompyuta mpaka kitufe cha HotSync kibonyezwe, na ilitoweka tena usawazishaji ulipokwisha. Programu iliyotafuta faili ya kifaa kabla ya kitufe kubonyezwa haikuikuta, na iliyochelewa ilikuta muda umepita. Zaidi ya hapo, vifaa vingi vilifungua poti mbili kwa pamoja, na ya usawazishaji mara nyingi ilikuwa ya pili. Suluhisho la kawaida lilikuwa kutengeneza kiungo kiitwacho /dev/pilot kinachoelekeza kwenye poti sahihi, na baada ya mfumo wa udev kuenea, kuandika kanuni inayokitengeneza kiungo hicho kila kifaa kinapojitokeza. Toleo la 0.12 la pilot-link lilikwenda mbali zaidi: liliweza kuzungumza na USB moja kwa moja kupitia maktaba ya libusb, bila kuhitaji moduli ya visor.

Jambo jingine lilikuwa ruhusa. Kwenye Linux faili ya poti ina mwenyewe na kundi lake, kwa mfano kundi la dialout kwenye Debian au uucp kwenye mifumo mingine. Mtumiaji asiyekuwa kwenye kundi hilo hukataliwa hata kama waya, moduli na programu vyote ni vizima. Dalili yake haibadiliki: amri inafanya kazi ikiendeshwa na msimamizi mkuu, inagoma ikiendeshwa na mtumiaji wa kawaida. Dawa yake ni kumwongeza mtumiaji kwenye kundi husika. Kuzoea kuendesha programu za usawazishaji kwa mamlaka ya msimamizi huleta tatizo jipya, kwa sababu mafaili yanayoandikwa huwa mali ya msimamizi na mtumiaji hawezi tena kuyabadilisha.

Koo nyingine za vifaa

Vifaa vya Windows CE, na baadaye Pocket PC, vilitegemea ActiveSync, programu ya Windows. Kwa Linux kazi hiyo ilifanywa na mradi wa SynCE. Vifaa vya mwanzo vilifungua muunganisho wa PPP juu ya poti ya siriali au USB, yaani vilijifanya kama modemu inayopiga simu. Kuanzia Windows Mobile 5 ya mwaka 2005, kifaa kilijionyesha kama kadi ya mtandao kwa kutumia RNDIS. Njia ikawa nyepesi, lakini ugumu ulibaki juu yake: kifaa kilitaka kwanza kusajili ushirika na kompyuta, na itifaki ya kubadilishana kalenda na anwani ilibidi igunduliwe kwa uchunguzi.

Sharp Zaurus SL-5500 ya 2002 ilikuwa kinyume cha hayo. Ndani yake mliendeshwa Linux yenyewe, pamoja na mazingira ya Qtopia kutoka Trolltech. Ikichomekwa kwenye USB ilitokea kwenye kompyuta kama kadi ya mtandao, na kwa kawaida ilijibu kwenye anwani 192.168.129.201. Kompyuta ikishapewa anwani ya mtandao huohuo, zana zote za kawaida zilifanya kazi: ssh ya kuingilia, rsync ya kunakilia, hata kuelekeza intaneti ya kompyuta ndani ya kifaa. Nokia N900 ya 2009, iliyotumia mfumo wa Maemo, iliruhusu utaratibu unaofanana. Vifaa hivyo vinaonyesha kwamba kifaa kinapotumia itifaki za kawaida za intaneti, kazi mbili za kwanza karibu zinajimaliza zenyewe, na swali linalobaki ni la tatu.

Mapatano ya data

Kunakili faili ni jambo rahisi: faili ama limefika ama halikufika. Kusawazisha kalenda ni jambo tofauti, kwa sababu pande zote mbili zina haki ya kubadilisha. Palm ililitatua tatizo hili kwa njia fupi na ya werevu. Kila rekodi ilikuwa na namba yake ya utambulisho na baiti moja ya alama. Nusu ya baiti hiyo ilitaja kundi la rekodi, ndiyo maana makundi hayakuweza kuzidi 16. Alama zilizobaki zilieleza kama rekodi imebadilishwa, imefutwa au ni ya siri. Rekodi iliyofutwa haikuondolewa papo hapo, bali ilisubiri ikiwa na alama yake mpaka usawazishaji ufuatao, ili kompyuta nayo ipate habari ya kufutwa kwake.

Kama kifaa kilikuwa kimesawazishwa mara ya mwisho na kompyuta ileile, ilitosha kupitia rekodi zenye alama. Kama kilikuwa kimepitia kompyuta nyingine, alama hazikuaminika tena, na ilibidi rekodi zote zilinganishwe moja moja. Rekodi moja ikiwa imebadilishwa pande zote mbili, kanuni ilikuwa kuziacha zote mbili na kumwachia mtumiaji aamue. Kanuni hiyo huleta nakala mbili za anwani moja, lakini haipotezi kitu. Kanuni mbadala, ya kuamini badiliko la mwisho, huleta orodha safi na hupoteza kazi ya mtu kimyakimya saa ya kifaa kimoja ikiwa haiko sawa.

Tatizo la pili la mapatano ni maumbo ya data. Kitabu cha anwani cha Palm kilikuwa na nafasi tano tu za namba za simu na barua pepe, ilhali programu za mezani kama Evolution ziliruhusu nyingi zaidi. Anwani yenye namba saba ikipitishwa kwenye Palm na kurudi inaweza kupungua bila onyo lolote. Herufi nazo zilileta usumbufu: Palm nyingi zilitumia usimbaji wa baiti moja kwa herufi, wakati Linux ilikuwa ikihamia UTF-8, hivyo majina yenye alama za juu yaliharibika yasipotafsiriwa vizuri.

Saa ni mtego mwingine. Kalenda ya Palm za mwanzo iliandika saa bila ukanda wake. Kiwango cha iCalendar, kilichotoka 1998 na kurekebishwa 2009, huruhusu kutaja ukanda au kutumia saa ya dunia ya UTC. Kosa la kawaida ni programu kuhifadhi tukio la siku nzima kama tukio linaloanza usiku wa manane kwa UTC. Kwa kuwa Dar es Salaam na Nairobi ziko saa tatu mbele, tukio hilo huonekana huko kuwa linaanza saa tisa usiku na kuvuka hadi siku inayofuata. Njia sahihi ni kuandika tarehe tupu isiyo na saa, na iCalendar ina nafasi ya kufanya hivyo.

Jitihada za kupata mashine moja ya kusawazisha vifaa vyote zilikuwepo. Mwaka 2000 kampuni kadhaa, zikiwemo Ericsson, IBM, Nokia, Motorola, Palm na Psion, zilianzisha SyncML kama lugha ya pamoja. Kwenye Linux, mradi wa OpenSync ulikusudia kuwa kitovu cha kila aina ya kifaa na programu, lakini ukakwama kabla ya kufikia toleo imara la muundo wake mpya. SyncEvolution, yenye lengo finyu zaidi, iliishi muda mrefu kwa kutumia SyncML na baadaye kuongeza CalDAV na CardDAV, viwango vya kalenda na anwani vinavyopitia seva.

Simu janja: kutoka diski hadi MTP

Simu za mwanzo za Android, kuanzia HTC Dream ya 2008, zilijionyesha kwa kompyuta kama diski ya USB. Kwa Linux hakukuwa na kilicho rahisi zaidi. Lakini anayepewa diski hupewa bloku zake zote, na mifumo miwili haiwezi kuandika kwenye mfumo mmoja wa faili kwa wakati mmoja bila kuuharibu. Kwa hiyo simu ililazimika kuachia hifadhi yake kila ilipounganishwa, na programu zilizotegemea hifadhi hiyo zikasimama. Hifadhi ilibidi pia iwe ya FAT32, ambayo haibebi faili linalofika gigabaiti 4.

Kuanzia Android 3.0 ya mwaka 2011, MTP ikashika nafasi hiyo. Itifaki hii ilitungwa na Microsoft juu ya msingi wa PTP ya kamera, na mwaka 2008 ikapokelewa kama kiwango cha USB. Kompyuta haigusi tena bloku. Inaomba orodha ya vitu, inapokea kimoja, inatuma kingine, na simu ndiyo inayotekeleza. Simu inabaki na mamlaka juu ya hifadhi yake na inaweza kutumia mfumo wowote wa faili.

Linux ilikuwa tayari na libmtp, iliyoandikwa hapo awali kwa ajili ya vicheza muziki. GNOME na KDE huitumia kuonyesha simu ndani ya kidhibiti faili, na jmtpfs huiweka kama folda ya kawaida. Udhaifu wa MTP huonekana haraka. Huendesha ombi moja baada ya jingine, kwa hiyo folda yenye maelfu ya picha hufunguka polepole. Katika umbo lake la msingi haina njia ya kubadilisha sehemu ya faili, hivyo kuhariri hati ikiwa bado kwenye simu huweza kushindikana. Na programu moja ikishashika muunganisho wa USB, nyingine huambiwa kifaa kina shughuli.

Kwa wanaohitaji zaidi kuna adb, zana ya watengenezaji wa programu za Android. Hunakili mafaili kwa amri za push na pull, hufungua mstari wa amri wa simu, na tangu Android 4.2.2 hudai mtumiaji aidhinishe ufunguo wa kompyuta kwenye skrini ya simu. Programu ya scrcpy, iliyotolewa 2018, hutumia njia hiyo kuonyesha skrini ya simu kwenye kompyuta na kuiendesha kwa kibodi.

iPhone inapitia njia yake. Mradi wa libimobiledevice, ulioanza 2007, ulifumbua itifaki za Apple bila kuvunja ulinzi wa simu. Programu ya usbmuxd hupitisha miunganisho mingi ndani ya waya mmoja wa USB, na ifuse huiweka folda ya picha na video kama sehemu ya mfumo wa faili. Tangu iOS 7 ya 2013, simu huuliza kama kompyuta inaaminika kabla ya kutoa chochote. Picha hupatikana bila shida, lakini sehemu kubwa ya hifadhi hubaki imefungwa.

Bila waya

Mwanga wa infraredi ulikuwa njia ya kwanza isiyo na waya kwa Palm na wenzake, lakini uliachwa, na mwaka 2018 msimbo wake uliondolewa kwenye kerneli ya Linux. Bluetooth, kupitia BlueZ iliyoingia kerneli mwaka 2001, bado hufaa kwa sauti, kibodi na mafaili madogo. Kazi nyingi zimehamia Wi-Fi.

KDE Connect, iliyoanza 2013, huunganisha simu na kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja. Huleta arifa za simu kwenye kompyuta, hunakili maandishi kutoka upande mmoja hadi mwingine, hutuma mafaili na hudhibiti muziki. Vifaa huoanishwa kwanza, kisha mazungumzo husimbwa kwa TLS. Hutumia poti 1714 hadi 1764, kwa hiyo ngome ya mtandao ya kompyuta ikizifunga, simu haitaonekana. Haitaonekana pia kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya chuo inayozuia vifaa vya wateja kuonana. GSConnect hutoa huduma hiyohiyo ndani ya GNOME.

Syncthing, iliyotoka pia 2013, husawazisha folda moja kwa moja kati ya vifaa bila seva ya katikati. Mgongano ukitokea, nakala inayoshindwa hubadilishwa jina na kuachwa pembeni, kanuni iliyo karibu na ile ya Palm. Kwa kalenda na anwani, njia imara zaidi ni viwango vya CalDAV vya 2007 na CardDAV vya 2011: seva ndogo kama Radicale au Nextcloud hushika nakala kuu, Evolution au Thunderbird husoma kutoka huko, na simu ya Android hufanya hivyo kwa programu ya DAVx⁵. Kompyuta na simu hazisawazishani tena; kila moja hupatana na seva, na tatizo la nakala ipi ifuatwe hupungua sana.

Simu kama mlango wa intaneti

Afrika Mashariki muunganisho wa simu na kompyuta mara nyingi hauna uhusiano na mafaili kabisa: bando liko kwenye simu na kazi iko kwenye kompyuta. Android ikichomekwa kwa USB na kuwashwa huduma ya kushiriki intaneti, Linux huiona kama kadi ya mtandao, na programu ya NetworkManager huomba anwani bila mipangilio zaidi. Kwa iPhone kuna moduli ya ipheth, iliyoingia kerneli 2.6.34 ya mwaka 2010. USB ina faida mbili juu ya Wi-Fi hapa: simu hupata chaji, na mawimbi ya majirani hayaingilii. La kuzingatia ni masasisho ya mfumo, ambayo hupakua mamia ya megabaiti. NetworkManager inaweza kuambiwa kwamba mtandao huo hulipiwa kwa kipimo, na programu nyingi hujizuia.

Kutafuta hitilafu kwa mpangilio

Muunganisho ukigoma, uchunguzi hufuata matabaka kutoka chini. Amri ya lsusb huonyesha kama kifaa kinaonekana kwenye USB. Kisipoonekana, kosa liko kwenye waya au tundu, na waya nyingi za bei nafuu hupitisha chaji tu bila data. Kikionekana, kumbukumbu za kerneli kupitia dmesg huonyesha kama draiva imekishika. Kisha hutazamwa ruhusa, halafu kama programu nyingine imekitangulia. Kwa Android kuna hatua ya ziada: tangu toleo la 6.0 simu huanza katika hali ya kuchaji peke yake, na lazima ifunguliwe na kuchaguliwa kuhamisha faili. Matabaka hayo yote yakiwa salama ndipo programu ya usawazishaji hushukiwa.

Usawazishaji na chelezo navyo havipaswi kuchanganywa. Usawazishaji hueneza kila badiliko, pamoja na makosa: picha iliyofutwa kwenye simu hufutika pia kwenye kompyuta dakika hiyohiyo. Chelezo ni nakala ya tarehe fulani isiyoguswa na yanayofuata. pilot-xfer ilikuwa na amri yake ya chelezo, tofauti na usawazishaji, na leo kazi hiyo hufanywa kwa kunakili folda zilizosawazishwa kwa rsync au zana kama Borg kwenye diski nyingine. Usalama nao hudai uangalifu: hali ya adb huzimwa isipohitajika, kompyuta isiyotumika tena huondolewa kwenye orodha ya zinazoaminika, na simu ikipotea, uoanishaji wake hufutwa kwenye kompyuta.

Kwa anayechagua kifaa cha kutumia na Linux, kigezo kinachodumu ni wapi data inakaa na kwa umbo gani. Palm iliyohifadhiwa kwa pilot-link inaweza kusomwa hadi leo kwa sababu umbo la hifadhidata zake linajulikana. Anwani za vCard, kalenda za iCalendar na picha za JPEG zitahamia kifaa kijacho kwa njia yoyote itakayokuwepo. Taarifa zilizofungwa ndani ya programu moja ya simu, isiyotoa nakala katika umbo lililo wazi, hazitahama hata waya ukiwa mpya na ruhusa zote zikiwa sawa.